Darubini ya Bwana Boya

Mdogo wangu alikuwa mzima majini, nchi kavu ndiko alikougulia. Ungemwona barabarani ungedhani amelewa, na pombe hajaionja tangu siku mama alipomtapisha ile aliyomwibia mjomba. Alitembea ametanua miguu, mwili unakwenda kulia, unarudi kushoto, na kuku wenye akili walimpisha. Siku ya harusi yake mfungisha ndoa alimshika bega, akamnong'oneza, "Bwana harusi, hebu tulia, usimame wima."

Akamjibu bila kunong'ona, "Mimi nimetulia, mzee. Ni hii sakafu yenu."

Hamniamini? Waulizeni waliokuwepo. Wengi wamekufa, lakini waulizeni.

Kazi yake ilikuwa kutunza maboya. Yale mapipa makubwa ya chuma yanayoelea nje ya bandari, mengine mekundu, mengine ya kijani, yanayoionyesha meli mahali palipo na kina na mahali penye mwamba, msidhani hujipaka rangi yenyewe. Chumvi huyala, ndege huyachafua, ukoga huyavalisha ndevu. Mdogo wangu alikuwa na kiboti chenye mashine iliyokohoa kama mvuta tumbaku. Alikuwa akijifunga kwa kamba kwenye boya, anakwangua kutu, anapaka rangi, anabadilisha taa, anakwenda la pili. Akimaliza la mwisho, la kwanza limeshachakaa. Mtaani walimwita Bwana Boya, na kwa kuwa vijana humwita boya mtu aliye mjinga, walikuwa wanamcheka mara mbili kwa bei ya moja. Yeye aliitika tu.

Na alikuwa na ulemavu mwingine: hakujua kudanganya. Tulinyonya ziwa moja, lakini uongo wote niliufyonza mimi, yeye alipozaliwa akakuta umekauka. Mkubwa wake kazini akimwuliza, "Boya umelipaka vizuri?" alijibu, "Upande wa jua vizuri. Upande wa pili nilichoka." Mkewe alimwuliza siku moja, tukiwa tunatoka kwenda kwenye sherehe, "Mume wangu, gauni hili limenipendeza?" Akalitazama juu mpaka chini, akasema, "Gauni ni zuri." Akafunga mdomo. Ikabaki hivyo, ndani ya nyumba ile sifa kubwa kuliko zote ikawa "gauni ni zuri", na hata binti yao alipokua, kila akivaa kipya alikuwa akijisemea mwenyewe mbele ya kioo, "Najua, baba, gauni ni zuri," wanacheka wote.

Mke huyo alifariki binti akiwa bado anapoteza meno ya utoto. Nikawa mama wa mchana, mdogo wangu akawa mama wa usiku. Binti akakua mwembamba, akisimama upande mlangoni unauona mlango tu. Kisha akapata kazi kwenye meli kubwa ya mizigo, jikoni, kuwamenyea viazi mabaharia. Akaaga, akaenda. Siku hizo simu zilikuwa za kuongea tu, hazina uso wa mtu ndani kama hizi zenu. Alipiga kila meli yao ilipokaribia nchi yenye mtandao, na mdogo wangu aliipokea simu kwa mikono miwili, kama anapewa mtoto mchanga.

Sasa, mwenzake mmoja wa jikoni aliacha kazi akapita kwetu, akaacha salamu na neno. Akasema binti aliugua sana huko, alilala kitandani siku nyingi, hata mwenye kisu cha viazi alikuwa mtu mwingine. Binti mwenyewe alipopiga akasema, "Ah, mafua tu hayo, baba. Sijambo kabisa."

Mdogo wangu akanigeukia na simu mkononi, bado ina joto la kiganja.

"Dada, wewe ndiye fundi wa mambo haya. Nimekuwekea sauti ya juu umesikia. Sauti ile ina uongo?"

"Inao kidogo," nikasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Kama chumvi kwenye mchuzi."

"Mchuzi wako au wa watu wa kawaida?"

Mchuzi wangu unajulikana kwa chumvi. Akakaa kwenye kiti cha jikoni, akatazama sakafu. "Sauti naweza kudanganywa nayo," akasema, "lakini uso wa mwanangu nikiuona mara moja tu, nitajua kama ni mzima."

Basi siku nyingine simu ikalia, sauti ya binti inaruka kwa furaha. "Baba! Meli yetu itapita hapo nyumbani Jumapili asubuhi!"

Kupita, siyo kutia nanga. Tumbo la meli yao lilikuwa kubwa mno kwa bandari yetu. Ingepita nje, kwenye kina, upande wa pili wa boya jekundu la mwisho. Na meli kubwa inapopita, chombo kidogo hakiruhusiwi kuvuka boya hilo. Askari wa bandari wana boti yao na kipaza sauti, na hawana utani. Binti alilijua hilo, kakulia humo. "Nitasimama nyuma kabisa, baba, upande wa nchi kavu. Nitashika kitambaa cha njano. Wewe njoo na boti mpaka kwenye boya la mwisho."

Alipokata simu, mdogo wangu akaniambia neno moja tu: "Darubini."

Tukaenda mjini kwenye duka la miwani na saa. Kiduka chembamba kama korido, kabati la vioo upande mmoja, ngazi ya chuma nyuma, kunanukia spiriti ya kusafishia vioo. Mwenye duka alikuwa na miwani puani na nyingine kwenye paji la uso, na tulipoingia alikuwa anatafuta ya tatu.

"Karibu mama, karibu mzee. Ya kusomea au ya kutembelea?"

"Ya kuonea mbali," mdogo wangu akasema. "Darubini. Ya macho mawili."

Akazitoa. Alikuwa nazo tatu tu, akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ndogo, ya kukunja, nikaitupilia mbali, nikasema hiyo ni ya kuangalizia sisimizi. Ya pili fupi, nene, imevikwa mpira mweusi, midomo yake mipana kama ya chura. Ya tatu ndefu, inameta, ina mkanda wa ngozi, ukiitazama tu unajiona jenerali.

"Soma namba hapa," mwenye duka akasema. "Namba ya kwanza ndiyo inayokwambia inavuta mara ngapi. Hii nene inavuta mara saba. Hii ndefu, mara ishirini."

"Saba na ishirini," nikamwambia mdogo wangu. "Hata mimi ambaye shule niliiona kwa nje najua kipi kikubwa."

"Sasa hii nene ya nini, kama inavuta saba tu?" akauliza yeye.

Mwenye duka akajikuna paji la uso, miwani ya juu ikaanguka juu ya ile ya chini. "Aliyeniletea aliniambia. Kuna watu fulani huipenda hii, nyingine hawaitaki kabisa. Sijui watu wa nini... Aliniambia, nimesahau. Maji hayaingii ndani, hilo nalikumbuka. Wewe unaitaka ya kazi gani?"

"Ya kumtazama mwanangu."

"Yuko mbali?"

"Mbali."

"Basi mzee, usijisumbue. Chukua kubwa."

Na sisi wawili tukatikisa vichwa kwamba hapo mtu kaongea. Boti hatukuitaja. Mwenye duka angejuaje? Mimi sikuitaja kwa kuwa si mimi ninayeendesha. Na mdogo wangu hakuitaja kwa sababu ambayo ilikuja kujulikana baadaye, na ndiyo hasa hadithi yenyewe.

Mwenye duka akatupandisha ile ngazi ya chuma mpaka juu ya paa, penye ukuta mfupi wa saruji. Mdogo wangu akaweka viwiko juu ya ukuta, akageuza kigurudumu cha katikati. Kisha nikasikia anacheka peke yake.

"Dada, naona mwanamke anaanika mashuka, ng'ambo kule penye mnara. Naona vibanio! Kimoja chekundu."

"Lete!"

Jamani. Macho hayana pazia, na siku ile yangu yaliingia nyumba za watu bila kubisha hodi. Nilimwona bwana mmoja kwenye dirisha la ghorofa anakula mkate akiwa amesimama nyuma ya mlango ili mkewe asimwone. Nilimwona paka anapiga mwayo, nikamhesabia meno. Nilitazama saa ya mnara, nikaona inzi juu ya mshale, na inzi mwenyewe alikuwa dume.

"Umeona?" mdogo wangu akaniuliza. "Na hapa tumesimama kwenye hili paa linaloyumba. Nikiwa kwenye boti yangu, mahali palipotulia, si nitaona hata kope zake?"

Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu mawili. Mwenye duka alikuwa ameshashuka. Nami nilikuwa na shughuli na yule bwana wa mkate. Yakapita.

Akainunua ile ndefu. Nyumbani aliifunga kwa khanga ya marehemu mkewe, akaiweka juu ya kabati. Nikamwambia, "Si uende nayo kazini kesho, uizoee?"

"Haitaguswa na chumvi kabla ya kumwona mwanangu," akasema. "Kioo kikiingia ukungu je?"

Badala yake Jumamosi alikwenda kwenye boya la mwisho na ndoo nzima ya rangi. Alilikwangua likabaki chuma kitupu, akalipaka jekundu pande zote, hata ule upande wa kuchokea. "Akiliona atajua baba yupo," akasema. Alirudi jioni ana wekundu mpaka masikioni.

Jumapili tukatoka mapema. Nilikaa kati, nimekumbatia khanga na kilichomo. Mdogo wangu alisimama nyuma kwenye usukani, na ningependa mngemwona: mtu yule yule anayepepesuka sokoni, hapo alikuwa wima kama mlingoti. Boti ikipanda, magoti yake yanajikunja, ikishuka, yanajinyoosha, kichwa hakiendi popote. Ungeweza kumtwika mtungi wa maji kichwani. Upepo haukuwa mkali. Kulikuwa na yale mawimbi marefu, mapana, yasiyo na povu, yanayokuja polepole kama watu wazito wanaopanda ngazi.

Tukafika kwenye boya. Liling'aa kama kidonda. Akazima mashine, akafunga kamba, akanawa mikono kwa maji ya chupa, akaifuta kwenye shati. Ndipo akaifungua darubini.

Meli ilikuwa imeshajitokeza. Mwanzo ukuta mdogo, kisha nyumba, kisha mtaa mzima unatembea juu ya maji bila kumsalimu mtu. Ilipokuwa sambamba nasi tukaona kwa macho matupu, nyuma kabisa, kijitu cha njano. Kidogo hivi, kama punje ya mahindi.

"Yule!" nikapiga kelele. "Yule pale! Tazama!"

Akaiweka darubini machoni. Nikamngoja acheke kama juu ya paa.

Hakucheka. Akaitoa machoni, akaitazama midomo yake, akaifuta kwa khanga, akairudisha. Akageuza kigurudumu. Akakigeuza tena.

"Nini?" nikauliza.

"Sijui. Naona mbingu. Naona maji. Naona... ah! Njano, ilikuwa njano, imepita. Chuma. Mbingu tena." Akabana viwiko kwenye mbavu. Akakaa kwenye benchi. Akashuka akakaa sakafuni kwenye maji ya kutu. "Mbona inarukaruka hivi? Imeharibika, dada. Imeharibika!"

"Siyo darubini," nikamwambia. "Ni boti inacheza."

Akaiteremsha, akanitazama kama nimemtukana. "Boti inacheza?"

"Boti imecheza tangu siku uliyoipanda, mdogo wangu."

"Mimi sijawahi kuiona."

Ndiyo hiyo sababu niliyowaambia. Miguu yake ilikuwa imebeba bahari miaka yote bila kumwambia mwenyewe. Kwake yeye boti ilikuwa sakafu na dunia ndiyo iliyoyumba. Sasa lile kopo refu, linalovuta kila kitu mara ishirini, liliuvuta na mtikisiko mara ishirini. Kiwimbi cha kumtikisa mtoto kikawa tetemeko la ardhi. Magoti yake yalijua kazi yao. Mikono haikuwa imefundishwa.

Na meli haikusimama kutungoja.

"Bega lako, dada! Lete bega!" Akaweka darubini begani kwangu. "Usipumue!"

Nikaacha kupumua. Naweza kukaa bila pumzi kuliko mzamiaji yeyote, mnajua, lakini moyo nao ulinikataa, ukapiga kama ngoma, na yeye akalia, "Unatikisika!" Akaivuta kamba, akarukia boya. Alipanda kile kizimba cha taa, akakumbatia chuma kwa mkono mmoja, darubini mkono wa pili. Rangi ya jana haikuwa imekauka. Na boya, enyi wanangu, boya lilikuwa baya kuliko boti. Lilimwinamisha huku, likamwinamisha kule, kama mlevi anayesalimia watu wote. Nikaona darubini inamgonga jicho.

Boti ya askari ikaja mbio. Kipaza sauti kikanguruma: "Wewe! Wewe uliye juu ya boya! Shuka mara moja!"

"Mwanangu yule pale!" akawapigia kelele. "Mwanangu yuko kwenye meli!"

"Shuka, mzee, wimbi la meli linakuja!"

Akashuka. Angefanyaje? Alishuka ana wekundu kifuani, mapajani, na pete mbili nyekundu kuzunguka macho. Siku nyingine ningecheka mpaka nizimie. Akanipa darubini.

"Shika wewe. Macho yako ni mazima. Niambie yukoje."

Nikashika. Niliona ukuta wa chuma, wingu, ukope wangu mnene kama mnazi, maji, wingu. Njano ikapita kama ndege. Nikaitafuta, haikurudi. Lakini mdomo wangu ulikuwa umeshaandaa kila kitu: mashavu yamejaa, anacheka, kasuka nywele vizuri, ananipungia shangazi yake. Maneno yalikuwa yamesimama mlangoni yamevaa viatu.

"Dada," akasema nyuma yangu, taratibu. "Leo usinitungie."

Nikaifunga midomo. Nikameza hadithi nzima, na ilikuwa nzuri.

"Sioni kitu, mdogo wangu," nikasema. "Inarukaruka tu."

Wimbi la meli likatufikia, likatupandisha, likatushusha. Tulipotulia punje ya mahindi haikuonekana tena, na meli ilikuwa mgongo tu unaokwenda zake. Hapo ndipo simu ikalia ndani ya mfuko wa nailoni. Akaichana nailoni kwa meno, akaweka sauti ya juu.

"Baba! Boya nimeliona! Linawaka! Wewe ulilipaka?"

"Jana," akasema.

"Umeniona, baba?"

Nilimtazama. Ninamjua tangu akiwa anatambaa. Nilijua anachokwenda kusema: kwamba hapana, kwamba darubini ilirukaruka, kwamba boti inacheza na yeye hakuwa na habari. Akafumba yale macho yenye pete nyekundu.

"Nimekuona, mwanangu."

"Kweli? Nikoje?"

"Umenenepa."

Tukasikia injini ya meli ndani ya simu.

"Hata na aproni ya jikoni? Sikupata nafasi ya kubadilisha."

"Hata na aproni. Imekupendeza sana."

Ningejua mimi tu kwamba mtu yule hajawahi kutamka neno hilo maishani mwake? Binti naye alikulia nyumba ile ya "gauni ni zuri".

"Ahsante, baba," binti akasema, sauti imekuwa ndogo. "Na mimi nimekuona. Hujazeeka hata kidogo. Nywele nyeusi vile vile."

Mdogo wangu akapeleka mkono kichwani, kwenye mvi zilizokuwa nyeupe zote kasoro zilizoingia rangi ya boya.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, vile vile."

Mtandao ukakatika. Akaendelea kuishika simu kwa mikono miwili, kisha akairudisha ndani ya nailoni iliyochanika, akaifunga fundo kana kwamba bado inazuia maji.

"Dada," akasema, "sauti ile ilikuwa na uongo?"

"Kulikuwa na kelele za maji," nikamwambia. "Sikusikia vizuri."

Akaenda kuwasha mashine. Na nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: alipopiga hatua kwenda nyuma, alinyoosha mkono akashika ukingo wa boti. Akaushika kwa nguvu, kama abiria. Tangu siku ile mpaka alipoacha kazi hakuuachia tena, wala hakusimama bila kuegemea. Vijana wa gatini wakasema Bwana Boya amezeeka ghafla.

Binti bado yuko huko. Meli ilibadilishiwa njia, hupita mbali nasi. Hupiga simu, husema hajambo. Darubini ile ndefu mdogo wangu ameifunga kwa waya juu ya ukuta wa saruji wa baraza yake, haitikisiki hata upepo uvume vipi, na asubuhi yote yuko nayo. Nikienda kumwangalia hunishika mkono.

"Dada, njoo. Ile inayopita, siyo yenyewe?"

Nainama, natazama. Inaonekana wazi mpaka kutu za misumari, mpaka soksi za baharia zilizoanikwa.

"Siyo," namwambia.

Na ni kweli, siyo.